UKRISTO WA JUMAPILI NA UKRISTO WA JUMATATU

Kila Jumapili watu wengi wa Buruburu hudamka kwenda kanisani, wamevaa nguo safi. Ni desturi njema. Lakini yafaa tujiulize: je, Ukristo huo hufika Jumatatu?

Mtaa huu ulianza kujengwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wenye mishahara. Miaka hiyo hiyo, mjini Nairobi, watoto wasio na makao walijipatia senti kwa kuwaonyesha wenye magari mahali pa kuegesha. Wengi waliwaita wezi. Padre Arnold Grol, Mholanzi, aliwafuata barabarani, akafanya urafiki nao, na mwaka 1973 akaanzisha chama cha Undugu ili wapate malezi na mafunzo ya kazi.

Basi, msomaji, huna haja ya kwenda mbali. Nyumbani mwako yuko mtumishi anayengoja mshahara wa mwezi uliopita. Mtaani yuko yatima; ng'ambo ya ua yuko jirani mliyekosana. Mlipe huyo, msaidie huyo, patana na huyo. Bila hayo, sala zetu ni maneno matupu, na maneno matupu hayavunji mfupa.