Kwenda, Kuja na Kurudi: Somo Fupi la Kijapani kwa Walimu wa Kiswahili

Katika toleo hili tunawaletea vitenzi vitatu ambavyo mwanafunzi wa Kijapani hukutana navyo mapema sana: ikimasu (kwenda), kimasu (kuja) na kaerimasu (kurudi). Tafsiri hizi ni sahihi, lakini hazitoshi.

Kwanza, kitenzi cha Kijapani hukaa mwishoni mwa sentensi na hakibebi kiambishi cha nafsi. Ikimasu huweza kuwa naenda, unaenda, wanaenda, au hata nitakwenda. Wakati uliopita ni ikimashita. Ukanushi ni ikimasen.

Pili, vihusishi hufuata nomino:

Gakkou ni ikimasu. – Naenda shuleni.
Gakkou kara kaerimasu. – Narudi kutoka shuleni.
Basu de ikimasu. – Naenda kwa basi.
Tomodachi to ikimasu. – Naenda na rafiki.

Badala ya ni, mtu aweza kutumia e, ambayo huandikwa kwa herufi ya he lakini hutamkwa e.

Kufanana kwa ni hiyo na -ni yetu ni sadfa tu. Sisi husema naenda shuleni, natoka shuleni, nasoma shuleni. -Ni haibadiliki, na kitenzi ndicho kinachoonyesha mwelekeo. Kijapani hutenganisha: gakkou ni (kuelekea), gakkou kara (kutoka), gakkou de (mahali pa kutendea jambo). Tena, sisi hatuongezi -ni kwenye jina la mji, bali Mjapani husema Kanpara ni ikimasu, "Naenda Kampala". Na pale tunaposema naenda kwa mwalimu, yeye husema sensei no tokoro ni ikimasu, yaani "mahali alipo mwalimu".

Tatu, na hapa ndipo wengi hukwama, kimasu huelekea alipo msemaji. Mama akiita kwamba chakula ki tayari, sisi hujibu "Naja!" Mtoto wa Kijapani hujibu "Ima ikimasu", kwa kuwa anaondoka alipo kumwendea mwingine. Akijibu kimasu, mama aweza kudhani kuna mtu mwingine anayekuja.

Vivyo hivyo, kaerimasu si kurudi popote. Ni kurudi nyumbani, au mahali mtu anapopahesabu kuwa kwao. Aliyesahau kitabu darasani akarudi kukichukua hutumia modorimasu. Lakini Mganda aliyeko Tokyo akisema Uganda ni kaerimasu, ametueleza pia kwamba Uganda ndiko kwao. "Rudi" yetu hubeba yote mawili.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wasiishie kuuliza "neno hili maana yake nini?" Waulize pia: msemaji yuko wapi, na kwao ni wapi?

Zoezi: Tafsiri kwa Kijapani, "Nilirudi nyumbani kwa basi na rafiki."
Jibu: Tomodachi to basu de uchi ni kaerimashita.