Je, Wajua? Unywele Hutunza Tarehe ya Sumu

Unywele wa kichwani hurefuka kwa takriban sentimita 1 kila mwezi, na zebaki iliyoingia mwilini kupitia chakula hunaswa humo ikabaki. Ukikatwa vipande vifupi kuanzia shinani, maabara inaweza kukadiria mtu alikula sumu mwezi gani, na nyingi kiasi gani.

Njia hii ilitumika Iraq baada ya maafa ya 1971–72. Ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya kuvu yenye zebaki iligawiwa wakulima. Wengi wakaisaga na kuoka mikate. Maonyo kwenye magunia yaliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza, kana kwamba mwanakijiji wa Iraq angeyasoma! Wengine waliiosha rangi nyekundu ya tahadhari wakidhani sumu imekwenda nayo. Dalili zilichelewa kwa wiki kadhaa. Waliolazwa hospitalini walizidi 6,500, na 459 kati yao wakafariki. Kwa nywele za akina mama, watafiti walikadiria zebaki iliyomfikia mtoto tumboni, wakailinganisha na kuchelewa kwake kutembea na kusema.

Hata hivyo, unywele hausemi yote. Mchimbaji mdogo wa dhahabu, wa Geita kwa mfano, anayechoma zebaki huvuta mvuke wake, na kipimo kinachomfaa zaidi ni mkojo. Kwa hiyo, mchimbaji, ukienda kupimwa zebaki usiridhike na nywele peke yake: omba na mkojo upimwe.