Tezi, Omo na Ngama: Makazi na Maisha ndani ya Jahazi katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili huijua methali isemayo, "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Huikariri, huieleza kuwa mtu atangatangapo hana budi kurudi alikotoka, akaishia hapo. Ni wachache miongoni mwetu wawezao kuonyesha tezi ni upande gani wa chombo, omo ni upi, na kwa nini marejeo yawe ngamani wala yasiwe kwingineko. Makala haya yananuia kueleza jinsi jahazi lilivyogawanywa kuwa makazi ya watu, na jinsi maisha yalivyoendeshwa ndani yake. Hoja yetu ni kwamba jahazi lilikuwa nyumba iliyoelea, na asiyeijua nyumba hiyo hawezi kuielewa barabara sehemu kubwa ya lugha yake.

Pwani na pepo zake

Safari za pwani hii zilitawaliwa na pepo mbili. Kaskazi, ivumayo takriban kuanzia Desemba hadi Machi, iliwaleta wageni kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, ianzayo yapata Aprili, iliwarejesha makwao. Malindi ilikuwa kituo mashuhuri katika njia hiyo. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa katika kasri la mfalme wa China. Mwezi Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, akapewa rubani, na mnamo tarehe 20 Mei merikebu zake zikawa zimefika pwani ya Calicut. Baada ya mji huo kufufuliwa mwaka 1861 chini ya utawala wa Zanzibar, majahazi yalipakia mtama na ufuta kutoka mashamba yaliyolimwa na watumwa, yakaupeleka mzigo huo Uarabuni.

Ghuba ya Malindi iko wazi, na mchanga uletwao na mto Sabaki huifanya kuwa ya maji haba. Kwa hivyo vyombo vikubwa vilitia nanga mbali na ufuo, watu wakashushwa kwa mashua. Kilifi, kinyume chake, ina mkono wa bahari wenye kina uingiao ndani ya nchi kavu. Hapo chombo hupata kimbilio bahari inapochafuka.

Mgawanyo wa makazi

Jahazi lina ncha mbili. Omo ni sehemu ya mbele, na tezi ni sehemu ya nyuma uliko usukani. Katikati husimama mlingoti unaobeba foromali, na foromali hubeba tanga. Chini kabisa, juu ya mkuku na baina ya mataruma, ndiko kwenye ngama, mahali yanapokusanyika maji yapenyayo katika mbao. Hakuna jahazi la mbao lisiloingia maji hata kidogo, hata liwe limetiwa kalafati na fundi hodari.

Nafasi hizi hazikugawanywa kiholela. Tezini ndiko alikokaa nahodha, kwa kuwa huko aliweza kuliona tanga lote, kumwamrisha mshika usukani, na kuisoma bahari. Sehemu ya tezi iliyoinuliwa iliitwa shetri, na pale nyuma palikuwa na feuli, mahali pa kuhifadhia vitu. Mabaharia hawakuwa na vyumba. Walilala juu ya mikeka popote penye nafasi, wakihamishwa na jua, mvua na kazi. Abiria walilala juu ya shehena yenyewe: ikiwa ni magunia, kitanda kilikuwa magunia, ikiwa ni boriti, ubavu ulijua.

Baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alisafiri katika jahazi la Kuwait kutoka Aden hadi Zanzibar na delta ya Rufiji katika msimu wa 1938 na 1939, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1940. Anaeleza kwamba abiria walijaa juu ya sitaha, ilhali wanawake waliwekwa katika chumba kilichokuwa chini ya sitaha ya nyuma, chenye giza na joto. Stara ililindwa, lakini gharama ya stara hiyo ililipwa na wanawake peke yao. Huu ni upande wa maisha ya jahazi ambao masimulizi ya ushujaa wa baharini aghalabu huupita kimya.

Chakula, maji na usafi

Moto ndani ya chombo cha mbao ni hatari. Kwa sababu hiyo jiko liliwekwa katika sanduku lililotiwa mchanga au udongo. Chakula kilikuwa mchele au unga, tende, papa mkavu na ng'onda, pamoja na samaki waliovuliwa kwa mshipi safarini. Watu walikula kwa makundi, kila kundi likizunguka sinia moja.

Maji matamu yalitunzwa kuliko chakula. Yalihifadhiwa katika mapipa au mitungi na kutolewa kwa kipimo. Kuoga na kufua nguo kulifanywa kwa maji ya bahari. Choo kilikuwa sanduku la mbao lililoning'inizwa nje ya ubavu wa chombo upande wa tezi.

Kazi na lugha

Maisha hayo ya msongamano yaliwezekana kwa sababu ya nidhamu ya kazi, na kazi iliendeshwa kwa maneno mahususi. Kulipandisha tanga ni kulitweka, na kulishusha ni kulitua. Kwenda dhidi ya upepo kwa kupinda huku na huku ni kubisha, na neno hilohilo ndilo tulitumialo kwa mtu anayepinga kauli ya mwenzake. Chombo kinapoyumba ubavu kwa ubavu husemwa kinakwenda mrama, ndipo tukapata methali, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

Turejee sasa kwenye methali tuliyoanza nayo. Maji yaliyokusanyika ngamani yalifuliwa usiku na mchana, kwa zamu. Nahodha angeweza kukaa tezini na baharia akapanda omo, lakini wote waliyategemea maji ya ngama yasizidi. Kwa maoni yetu, basi, methali hii haizungumzii kurudi tu. Inatukumbusha kwamba heshima ya mahali mtu aketipo haimwondolei wajibu wa kile kilicho chini ya wote.

Hali ya leo

Njia za barabara, likiwemo daraja la Kilifi lililofunguliwa mwaka 1991, zimechukua abiria na mizigo. Injini na boti za plastiki ngumu zimechukua nafasi ya tanga na mbao. Ufundi, hata hivyo, haujafa: mwaka 2019 dau la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki zilizotupwa na kwa mbinu za mafundi wa jadi, lilisafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, likiambaa pwani ya Malindi na Kilifi.

Hitimisho

Kamusi zetu zimeyahifadhi maneno kama feuli, shetri na ngama, lakini kwa fasili ya mstari mmoja. Fasili haionyeshi nani aliketi wapi, nani alinyimwa hewa, wala nani aliamshwa usiku kufua maji. Maelezo hayo wangali nayo wazee wa bahari walioko Malindi, Mambrui, Takaungu na Kilifi. Ni wajibu wetu, sisi tunaojiita wanafunzi wa lugha hii, kuwaendea na kuyaandika wangali hai. Tukichelewa, tutabaki na methali midomoni na chombo chake tusikijue.