Sikio la pili la ripita: kuzima mashini ya mlimani bila kupanda mlima

Wengi wetu huku mashariki tunaijua sauti ya foni. Vituo vya kanisa na hospitali viliitana asubuhi kwa saa iliyopangwa, na hata leo mtandao wa simu unapokatika, foni ndiyo inabaki. Pale ambapo foni ya VHF inatumika, mara nyingi kuna ripita juu ya kilima. Tumeona vema kueleza jambo moja ambalo watu wa redio amateri wa Marekani, yaani wale wanaoendesha redio kwa kupenda tu, bila mshahara, wamelifanyia kazi kwa miaka mingi: kuiongezea ripita kipokezi cha pili, ambacho kazi yake ni kusikia amri tu.

Ripita inasikia kwenye masafa mamoja na kurusha kwenye mengine kwa wakati uleule. Mfano unaojulikana sana kwao: inasikia kwa megahezi 146,34 na kurusha kwa 146,94. Hivyo mtu mwenye redio ndogo ya wati 5 bondeni anasikika ng'ambo ya mlima. Amri nazo zinatumwa kwa milio ya vibonye vya namba, kama ile tunayoisikia kwenye simu. Kila kibonye kinatoa milio miwili pamoja. Namba 1, kwa mfano, ni hezi 697 na hezi 1209. Sanduku la uongozi linaisoma, na likipata namba za siri linawasha ao linazima.

Wengi wanaanza kwa kutuma amri kupitia kipokezi kilekile cha mazungumzo. Haina gharama. Lakini tujiulize: ni siku gani tunahitaji kuizima ripita? Ni siku ile mtu amekalia redio yake ndani ya gari na kibonye kimebanwa bila yeye kujua. Ao mwenye nia mbaya anaziba masafa kusudi. Ao kipokezi chenyewe kimeharibika na kinadhani kinasikia mtu saa zote. Katika FM, wimbi lenye nguvu linameza lililo dhaifu, kwa hiyo amri inazuiwa na shida ileile iliyokuja kuiondoa. Wakati huo kirushaji cha wati 50 kinakula karibu ampea 10. Batri ya ampea-saa 100 inayochajiwa na jua inaisha usiku mmoja. Kesho yake kituo kizima kimenyamaza, na muuguzi anayetafuta gari kwa mama mwenye uchungu hana pa kuitia.

Kwa hiyo kipokezi cha amri kinawekwa kwenye masafa ya mbali kabisa na yale ya mazungumzo. Huko Marekani sheria ilisukuma watu upande huo: kabla ya mwaka 2006 masafa ya namna hii yalipaswa kuwa juu ya megahezi 222. Tangu hapo sehemu ya bendi ya mita 2 imefunguliwa, lakini wengi bado wanapenda ile ya megahezi 420 mpaka 450. Sheria yao inadai pia kwamba, njia ya amri ikiharibika, ripita isiendelee kurusha zaidi ya dakika 3. Kwetu foni ya kanisa si redio amateri, na masafa ya amri yanaombewa ruhusa kwa ARPTC sawa na yale ya mazungumzo.

Kuna mtego mmoja katika kuchagua masafa. Kila kirushaji kinatoa pia kivuli dhaifu cha wimbi lake, mara mbili na mara tatu ya masafa yake. Zidisheni 146,94 kwa tatu: ni 440,82. Ukiweka sikio la amri karibu na hapo, ripita yenyewe italiziba kila inaporusha, na inaporusha bila kukoma ndipo unapolihitaji. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua kitu chochote. Tena antena iwe ya peke yake, juu ao chini ya ile kubwa kwenye mlingoti, wala si ubavuni pake.

Kwa kipokezi chenyewe, redio ya zamani ya gari inatosha, baada ya kuondolewa uwezo wa kurusha. Sauti isichukuliwe kwenye spika, maana fundi akigusa kitufe cha sauti, amri zinapotea. Ichukuliwe kabla ya kitufe hicho. Ikichukuliwa mbele kabisa, kabla ya sakiti inayolainisha milio ya juu, mlio wa juu utazidi ule wa chini na kisomaji kitakosea namba. Basi sakiti ndogo ya kulainisha inaongezwa. Kipokezi kiwekewe pia mlio mdogo wa kukifungua, kwa mfano hezi 100, ili makelele ya radi yasikifungue.

Sasa, amri ifanye nini? Wengine wanairudisha kwenye sanduku lilelile la uongozi. Sisi tunaona haitoshi, kwa sababu sanduku nalo linaweza kuganda. Ni afadhali kisomaji kidogo cha pembeni chenye rele mbili: moja inakata umeme wa kirushaji chote, maana waya wa kuamuru kurusha unaweza kushikamana, ya pili inazima sanduku na kuliwasha tena. Kipokezi na kisomaji vichukue umeme kwenye batri moja kwa moja, kwa fyuzi yao, kabla ya rele. La sivyo utazima na hutaweza kuwasha tena, na ni miguu yako itakayopanda.

Namba za siri zinaweza kusikiwa na yeyote mwenye redio ya masafa hayo, kwa hiyo zibadilishwe mara kwa mara. Wazijue watu watatu ao wanne wanaokaa sehemu mbalimbali, kwa kuwa barabara inaweza kufungwa upande mmoja. Na kila juma mmoja wao atume amri ya kuzima, mwingine asikilize kama mlimani pamenyamaza kweli, kisha wawashe tena.