Umaskini Nao Huuzeesha Ubongo

Mzee akianza kupotea njia ya kurudi nyumbani, majirani husema ni uzee tu. Wengine hunong'ona kwamba amelogwa. Yote mawili si kweli. Ubongo huugua kama moyo na ini, na usahaulifu huo ni ugonjwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa milioni 57, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwaka 2024 wataalamu wa jarida la Lancet walitaja mambo 14 yauletayo. Yakiondolewa yote, karibu asilimia 45 ya ugonjwa huo ingezuilika au kucheleweshwa.

Mambo hayo hayagawanyiki sawa baina ya Kiriri na Buterere. La kwanza maishani ni kukosa shule, kwa maana kusoma huuwekea ubongo akiba ya kutumia uzeeni. Binti atolewaye darasani ili akalee watoto wa watu hupunjwa akiba hiyo. Burundi iliondoa karo ya shule za msingi mwaka 2005; daftari na sare hazikuondoka, wala njaa.

Kisha kuna shinikizo la damu, ambalo halipigi hodi. Mwenye mshahara hupimwa na kununua vidonge kila mwezi. Mbeba mizigo hulijua siku aangukapo kwa kiharusi. Na hata akipewa dawa, huziacha fedha zinapokwisha. Chumvi ipunguzwe, na jiko la makaa lisifungiwe chumbani.

Familia za kambini nazo zina lao. Pigo la kichwa limo katika yale 14, na uziwi pia: mlio wa bunduki huharibu masikio, na asiyesikia hujitenga na mazungumzo, ubongo wake ukakosa kazi. Kofia ngumu ya pikipiki, basi, si pambo.

Mgonjwa apelekwe kwa daktari mapema. Kamenge kipo kituo cha magonjwa ya akili na ya ubongo. Usahaulifu mwingine hutokana na sonona au upungufu wa vitamini, nao hutibika.

Usiotibika humwangukia mkamwana. Huacha meza yake ya ndagala sokoni ili amchunge mzee asipotee, na pato la nyumba hupungua. Yakibana zaidi, mjukuu wa kike ndiye anayeachishwa shule.