777 Si Dawa

Sura hii niliipanga iwe na sehemu tatu: nani anaandika mwongozo wa seva, anamwandikia nani, na nani anaurekebisha. Ya kwanza ni fupi. Wanaosema watengenezaji wa programu huria hawaandiki, hawajaufungua mwongozo wa Apache HTTP Server. Mradi ulianza 1995, na leo kila agizo lina jedwali lake: linavyoandikwa, linaporuhusiwa, na thamani linayokuwa nayo usipoligusa.

Ya pili ndiyo yenye kidonda. Maagizo ya mwongozo yamepangwa kwa moduli, ilhali msomaji anakuja na kosa. Amepandisha tovuti, kivinjari kinamwonyesha 403, yaani amekatazwa kuingia. Hajui kama atafute moduli ya mod_authz_core au alale. Anamuuliza rafiki, naye anampa hirizi: chmod 777.

Hapa mpango wangu unavunjika, kwa sababu hirizi hii nimeichoka. 777 humruhusu kila mtumiaji wa mashine kusoma, kuandika na kuendesha faili lako. Ni kumwachia mpita njia funguo za nyumba, na mara nyingi ugonjwa unabaki palepale.

Tazama. Kwenye Debian na Ubuntu, Apache hufanya kazi kwa jina la www-data. Tovuti ikiwa ndani ya /home/juma, na folda ya juma imefungwa kwa wengine, hata ukiipa index.html 777 seva haiifikii. Mgeni amekwama getini, wewe unamfungulia chumba cha kulala. Inayokosekana ni ruhusa ya kupita, yaani x, kwenye folda moja ya njiani.

Au ruhusa za faili ni sawa, ila usanidi wenyewe umekataa kwa Require all denied. Hapo hata 777 elfu hazisaidii.

Cha kuudhi ni kwamba seva imeshasema. Fungua error.log: AH00035 inamaanisha folda ya njiani haipitiki, AH01630 inamaanisha usanidi umekataa. Mstari mmoja, na ubishi umekwisha.

Kisha kuna sumu ya maelekezo yasiyo na tarehe. Order na Allow from all ni lugha ya toleo la 2.2, ilhali toleo la 2.4, lililotoka 2012, linataka Require all granted. Moduli ya mod_access_compat bado inayapokea maagizo ya zamani, kwa hiyo mnakili hashtuki, mpaka siku anapochanganya ya kale na mapya, akakesha.

Basi mwongozo mzuri ungekuwa na ukurasa unaoitwa “Nimepata 403”, unaoanza na error.log, ukataja toleo, ndipo umpeleke msomaji kwenye moduli.

Sehemu ya tatu imekosa nafasi, lakini jibu lake ni wewe. Mradi hupokea masahihisho ya mwongozo kutoka kwa yeyote. Ukitatua kosa, liandike, weka namba ya toleo, ulitume. Na ukikuta 777, ifute.