Kwa Nini Baadhi ya Magari ya Zimamoto Husubiri Pembeni

Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo. Katika janga kubwa kama hilo, si magari yote ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huingia kwa pamoja. Mengine huwekwa akiba kwa amri ya kamanda: hushika zamu askari wa mbele wanapochoka, huchukua nafasi ya gari lililoishiwa maji, na huwa tayari endapo moto mwingine utazuka Upanga au Ilala. Yote yakijazana Mtaa wa Mkunguni, lililoishiwa maji halitapata njia ya kutoka. Wananchi wanaombwa kutoyazonga magari yanayosubiri, kuondoa meza za biashara barabarani, na kupiga simu namba 114 mapema.